Kutoka Sange hadi Bukavu na watoto: kuufuata mto Ruzizi hadi unakoanzia

Mtoto wa Sange anaujua mto Ruzizi kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba ng'ambo yake ni Burundi, na kwamba ukishuka nao utafika ziwa Tanganyika. Asichokijua, mara nyingi, ni unakotoka. Unatoka Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Kivu. Ndiyo maana naishauri familia inayotaka kwenda kuuona mji huo isiende kutazama majumba tu. Iende kama anayeupanda mto, ikisimulia njiani.

Lakini kwanza usalama. Tangu Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa AFC/M23, Februari 2025, barabara ya bonde la Ruzizi imekuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa kadiri ya vita. Matembezi yanaweza kungoja. Waulize madereva wawili au watatu waliopita asubuhi hiyohiyo, si jana, kisha wapigie simu jamaa walioko njiani, Luvungi na Kamanyola. Majibu yakigongana, ahirisha. Hali ikiwa tulivu, miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora, kwa sababu mvua huharibu barabara ya mlimani na kuangusha udongo.

Kila mtu mzima abebe kadi yake ya mpiga kura, na kila mtoto cheti cha kuzaliwa. Mtoto anayesafiri na shangazi au mjomba awe na barua ya wazazi, na namba ya simu ya nyumbani iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wake. Beba faranga za noti ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa dukani. Na usisahau masweta: Sange ni joto, ila ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 700 juu ya Tanganyika, na mtoto wa bonde akiamka Bukavu asubuhi atatetemeka.

Kabla hamjatoka kijijini, wapelekeni watoto walio wakubwa kwenye makaburi ya pamoja ya Julai 2010. Usiku wa tarehe 2, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange likashika moto, na zaidi ya watu 230 wakafa. Wengine walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta, wengine walikuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Historia haikai mijini peke yake, na yetu hii ina maelekezo ya kuokoa maisha: mkikuta lori la mafuta limeanguka barabarani, shukeni garini, waondoeni watoto mbali kabisa, wala msikaribie hata kwa kutazama.

Kituo cha kwanza ni Kamanyola. Hapo Mobutu, mwaka 1964, alijitokeza kati ya askari wake waliokuwa wakipigana na waasi, kisha akalifanya jina la mahali hapo kuwa alama ya utawala wake. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, huu tunaouita leo Stade des Martyrs, kwanza uliitwa Kamanyola. Mwambie mtoto hilo, uone atakavyonyoosha shingo dirishani.

Kutoka Kamanyola njia ni mbili. Moja inapanda Ngomo hadi Nyangezi ndani ya Kongo: nyembamba, yenye kona kali na mabonde marefu pembeni. Nyingine inavuka Rwanda kupitia Bugarama. Ni ya lami na watoto hawatapiki sana, lakini lazima mpaka uwe wazi na kila mtu awe na hati za kuvukia, watoto pia. Mkichagua Ngomo, ondokeni alfajiri, kataeni gari lililojazwa kupita kiasi, na msikubali kamwe kupanda mlima huo usiku. Mahali popote penye daraja, askari au kizuizi, simu ikae mfukoni. Picha moja ya kizembe inaweza kuimaliza safari nzima.

Mkifika Bukavu, msijaribu kuona kila kitu. Siku mbili zinatosha kama mmechagua vizuri. Anzeni juu, mahali panapoonyesha rasi zake tano zilivyoingia ziwani kama vidole vya mkono. Wazee wa Kishi husimulia kwamba jina Bukavu linatokana na neno lao la ng'ombe, kwa kuwa hapa palikuwa malisho. Wabelgiji wakapaita Costermansville, kwa jina la mtawala wao Paul Costermans, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la wenyeji liliporudi. Zile nyumba zenye kona za mviringo na kuta nyeupe, kandokando ya barabara kuu na kwenye rasi, ni za enzi hiyo.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kusema ukweli wote. Nyumba hizo hazikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Mwafrika aliyefanya kazi kwenye rasi alirudi kulala Kadutu, juu mlimani, au Bagira. Kwa hiyo anayetembeza watoto Nguba na Muhumba, mitaa ya huko rasini, kisha akarudi nyumbani ameona nusu ya mji. Pandeni Kadutu. Shikeni watoto mikono sokoni maana msongamano ni mkubwa, na mpatane mapema mahali pa kukutana mtu akipotea. Muhumba kwenyewe kuna Makumbusho ya Kivu ya mapadre wa Kisaveri, yenye vinyago na vitu vya Walega. Ulizieni siku za kufunguliwa kabla ya kwenda.

Kathedrali ya Notre-Dame de la Paix haifai kukosa. Hapo amezikwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996, wiki za mwanzo za vita vya kwanza vya Kongo, baada ya kupaza sauti kwa ajili ya raia na wakimbizi. Ingieni kimya, hata kama si Wakatoliki. Watoto huelewa ukimya kuliko tunavyodhani. Mtoto akiuliza Bukavu imetoa nani mwingine, mtajieni Daktari Denis Mukwege, aliyefungua hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Jioni iwe ya ziwa. Mkikodi mtumbwi, kila mtoto avae jaketi okozi kabla ya kupanda. Majaketi yakiwa pungufu, msipande. Kingo zinashuka ghafla, hivyo mtoto asiachwe kuogelea peke yake. Maji ya kunywa yachemsheni au mnunue ya chupa. Hapo ziwani, aliyesoma jiografia awaeleze wenzake kwamba zamani maji haya yalielekea kaskazini, mpaka volkeno za Virunga zikaziba njia, na ziwa likajaa na kufurika kusini. Huko kufurika ndiko kulikoleta Ruzizi kwetu.

Agizeni sambaza za kukaanga. Watoto wenu watasema hizi ni ndagala, na watakuwa wamekaribia sana ukweli: samaki huyu aliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Alipandishwa na watu, kama nyinyi mlivyopanda leo.

Siku ya kurudi, ondokeni asubuhi ili Ngomo mwishuke mchana kweupe. Nunueni sambaza zilizokaushwa mzifunge vizuri, na mkifika Sange mziweke kwenye sahani moja na ndagala za Uvira. Bibi aliyebaki nyumbani aonje, aseme zipi ni zipi.