Manispaa za Pembezoni mwa Paris: Somo la Jiografia na Historia

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika jiografia tumezoea kutaja jina la mji mkuu kisha tukapita. Leo tutautazama mji wa Paris, Ufaransa, lakini hatutaingia katikati. Tutazunguka pembezoni, kwenye manispaa zinazouzingira, maana huko ndiko tutakakoona jinsi mji unavyowagawa watu wake.

MAHALI ZILIPO

Paris yenyewe si kubwa: kilomita za mraba 105 tu, na wakazi wapatao milioni 2. Mpaka wake karibu wote unafuatwa na barabara kuu ya mzunguko yenye kilomita 35, iliyokamilika mwaka 1973. Ukiivuka umeingia manispaa nyingine yenye meya na baraza lake. Kaskazini kuna Saint-Denis na Aubervilliers, mashariki Montreuil, kusini Ivry na magharibi Boulogne-Billancourt. Ukijumlisha wakazi wa manispaa zote za pembezoni mwa Paris, wanawazidi wa Paris kwa mbali.

UKUTA NA KODI

Kuanzia mwaka 1841 serikali ilijenga ukuta wa ulinzi kuuzunguka mji. Mwaka 1860 vijiji vilivyokuwa ndani ya ukuta huo, kama Belleville na Montmartre, vikaunganishwa na Paris. Kodi ya bidhaa zinazoingia mjini nayo ikasogezwa hadi ukutani. Je, wenye viwanda walifanya nini? Wengi walihamia nje ya ukuta, ambako kodi ile haikuwafikia na ardhi ilikuwa rahisi. Wafanyakazi wakawafuata. Hivyo Saint-Denis, mji wa kale wenye kanisa walimozikwa wafalme wa Ufaransa, ukawa mji wa moshi na mitambo.

Ukuta ulianza kubomolewa mwaka 1919, lakini barabara ya mzunguko ikaja kupita karibu na pale pale.

WAISLAMU WA PEMBEZONI

Msikiti Mkuu wa Paris ulifunguliwa mwaka 1926, ndani ya mji. Lakini hospitali ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini iliwekwa nje, Bobigny, ikafunguliwa mwaka 1935. Makaburi ya Waislamu yakafuata hapo hapo mwaka 1937. Tulipime jambo hili pande zote mbili. Kuuguzwa na anayeijua lugha yako, na kuzikwa kwa taratibu za dini yako, ni neema. Lakini kupelekwa mbali na hospitali za wengine kwa sababu ya asili yako ni kutengwa. Leo hospitali hiyo inamtibu kila mtu, na tangu mwaka 1978 inaitwa Avicenne, yaani Ibn Sina, yule tabibu wetu mashuhuri.

Huko Nanterre, Waalgeria waliofanya kazi viwandani na katika ujenzi waliishi kwenye vibanda vya mbao na mabati, vilivyoondolewa miaka ya 1970. Tarehe 17 Oktoba 1961 wengi wao waliingia Paris kuandamana kwa amani wakipinga amri ya kutotoka usiku, na polisi wakaua watu wengi. Rais wa Ufaransa aliyakiri mauaji hayo mwaka 2012.

Siku hizi katika manispaa za kaskazini wamo pia ndugu zetu wa Komoro. Tangu mwaka 2016 Paris na jirani zake zina baraza moja la pamoja, na kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 2024 kilijengwa upande wa Saint-Denis.

MAFUNZO

1. Mtaa hauwi duni wenyewe. Kodi, ukuta na maamuzi ya watu ndivyo huufanya hivyo.
2. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba ubora mbele ya Allah ni uchamungu. Basi tusimcheke mwenzetu darasani kwa mtaa anaotoka.
3. Jirani ana haki, hata akiwa ng'ambo ya barabara.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini viwanda vilihamia nje ya ukuta?
2. Taja faida moja na dhara moja la hospitali ya Bobigny ilipoanza.
3. Waulize wazee: mtaa wenu ulianzaje, na nani walihamia kwanza?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.