PASI IKIKATAA KUSHIKA MOTO

Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea kutoka Makambako kupitia Madaba. Pasi za umeme nazo zikaongezeka.

Pasi si pambo tu. Nguo mbichi zikianikwa nje, kuna nzi hutaga mayai juu yake. Ukivaa nguo hiyo bila kuipiga pasi, funza huingia ngozini na kuleta jipu. Moto wa pasi huua mayai hayo. Basi pasi ikikataa kushika moto, tufanyeje? Tusikimbilie kununua mpya. Tufuate hatua.

Hatua ya 1: Umeme upo?
Tazama mita ya LUKU. Huenda uniti zimekwisha. Kisha chomoa pasi, uchomeke chaja ya simu au redio kwenye soketi ile ile. Ikikataa, ubovu si wa pasi. Soketi ikiwa imeungua au inanuka, usiitumie tena. Mwite fundi.

Hatua ya 2: Kitufe cha joto kiko wapi?
Pasi nyingi zina kitufe cha kuzungusha chenye alama za nukta. Nukta moja ni moto mdogo wa nailoni. Nukta tatu ni moto mkali wa pamba na kitenge. Mtu aliyeacha kitufe chini hudhani pasi imekufa, kumbe nzima. Tena, kitaa kikizimika baada ya muda, usishtuke. Pasi imeshapata moto wa kutosha.

Hatua ya 3: Fyuzi
Chomoa pasi kwanza! Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani. Ni kijiti kidogo chenye uzi unaokatika umeme ukizidi. Weka fyuzi nyingine iliyoandikwa 13. Ikiungua tena, kuna hitilafu kwingine. Acha.
Wako watu wanaofunga waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hiyo ni hatari kubwa! Umeme ukizidi, hakuna cha kuukata, na nyumba inaweza kuungua.

Hatua ya 4: Waya
Waya hukatikia pale unapoingia kwenye pasi, maana hupindwa kila siku. Ukiona umechubuka au umeungua, peleka kwa fundi. Ndani mna nyaya tatu: kahawia, bluu, na wa kijani na njano. Huu wa mwisho ni wa ethi. Usikubali ukatwe. Bati la pasi likiguswa na umeme, waya huo huupeleka ardhini badala ya kupita mwilini mwako.

Hatua ya 5: Ndani ya pasi
Hapa si kazi yetu. Fundi ana mita ya kupimia. Akisema waya wa moto umekatika, muulize bei. Katika pasi nyingi waya huo umeshikana na bati, haubadilishwi. Hapo ndipo ununue mpya.

Wanaotumia sola
Tufanye hesabu. Pasi nyingi hula wati 1,000 au zaidi. Paneli ya wati 100, hata jua likiwaka sana, hutoa sehemu moja ya kumi tu. Basi pasi yako si mbovu, nguvu ndiyo ndogo. Tumia pasi ya mkaa. Hiyo nayo ikipoa, mwaga majivu, zibua matundu, weka mkaa mkavu. Usipige pasi ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua, na haina harufu ya kukuonya.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tunachomeka chaja kabla ya kulaumu pasi?
2. Karatasi ya sigara ina hatari gani kwenye plagi?
3. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima hula uniti 1. Uniti moja kwenu ni shilingi ngapi?