Njia ya Basi Ikibadilishwa, Nani Hulipa?

Mtu akiulizwa safari ya basi yagharimu kiasi gani, hutaja nauli. Jibu hilo si la uongo, lakini halikutimia. Safari ina gharama nne: nauli, mwendo wa miguu mpaka kituoni, muda wa kungoja, na taabu ya kushuka gari moja na kupanda jingine. Nauli hutangazwa, hizo tatu hazitangazwi, nazo ndizo zinazogeuka njia ya basi inapogeuzwa. Juma hili twapenda tujifunze jambo hilo kwa kuutazama mji wa Dar es Salaam.

Tangu mwaka 1983, Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria mjini, daladala zimekuwa ndiyo miguu ya wakazi wa pembezoni. Kasoro zake zajulikana: msongamano, matusi, wanafunzi kukataliwa mlangoni, na kukatisha ruti. Hata hivyo ziliwafuata watu kule walikokwenda kujenga. Mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Daladala zilizokuwa zikiipita njia hiyo kwenda mjini ziliondolewa na kupangiwa njia nyingine.

Hatupendi kuidharau faida iliyopatikana. Mabasi hayo yana njia yao ya pekee, hivyo hupita foleni ikiwa imesimama. Tena sakafu ya basi imelingana na jukwaa la kituo, hata mtu wa kiti cha magurudumu aweza kuingia bila kubebwa. Hiyo ni heshima ambayo daladala haikupata kumpa.

Lakini faida hiyo humfikia kwanza nani? Na tufanye hesabu. Nauli za mwanzo, mwaka 2016, zilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia za pembeni, na 800 kwa zote mbili pamoja. Basi aliyeishi kando ya barabara kuu alilipa 650, na aliyeishi ndani alilipa 800. Tofauti ni 150. Kwenda na kurudi ni 300. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 7,800 kila mwezi. Na aghalabu huyo wa ndani ndiye aliyekwenda mbali kwa sababu bei ya kiwanja cha karibu ilimshinda. Mwenye kidogo ndiye aliyetozwa zaidi, wala hakuna aliyekusudia kumwonea.

Kuna tena jambo la ngazi. Jukwaa la Kimara, hata likiwa zuri namna gani, halimfai mlemavu asiyeweza kufika Kimara. Kama gari la kumtoa kwake lina ngazi ndefu, au halipiti mvua ikinyesha, jukwaa hilo limejengwa kwa ajili ya wengine.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2021, kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Sababu zilikuwepo, kwa kuwa Ubungo palijaa mno. Lakini Ubungo ipo katika njia ya mwendokasi, na Mbezi ipo mbele ya Kimara, njia ile ilipoishia wakati huo. Mgonjwa atokaye mkoani kwenda Muhimbili, ambaye zamani alishuka Ubungo, aliongezewa mwendo, naye amechoka na ana mizigo.

Twajifunza nini? Kwamba kuigeuza njia ni kuigeuza nauli, ijapokuwa tarakimu ya tiketi haikuguswa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini hukusanya maoni ya wananchi kabla ya kupanga nauli mpya. Yafaa njia zisikilizwe vivyo hivyo, na maswali matatu yaulizwe kabla ya amri kutoka. Kwanza, nani atalazimika kupanda magari mawili badala ya moja? Pili, mzee, mjamzito na mlemavu watatembea umbali gani, tena katika barabara ya namna gani? Tatu, gari la kwanza alfajiri na la mwisho usiku litamkuta nani kituoni?

Maswali hayo hayajibiwi kwa ramani peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeyajua majibu ni muuza samaki atokaye kabla ya jua, na mlinzi arudiye asubuhi. Kwa hiyo wananchi nao wasingoje kuulizwa. Mkutano wa mtaa ni mahali pa kuhesabu: wazee wangapi, walemavu wangapi, wanafunzi wangapi, hatua ngapi mpaka kituoni. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyapuuza. Na mpangaji mwema atashukuru kuyapata mapema, kabla nguzo za kituo hazijasimikwa.