Pima Kwanza, Ndipo Ununue: Kompyuta ya Kikundi Inakula Stima Kiasi Gani?



Vikundi vingi siku hizi vimefungua chumba kidogo pale sokoni cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kutengeneza programu za harusi na mazishi. Ni kazi nzuri. Lakini baada ya muda mashine inaanza kukokota, na vijana wanasema, "Tuiongeze nguvu." Somo letu la leo ni juu ya jambo la kufanya kabla ya pesa kutoka mfukoni: kupima kompyuta hiyo inakula stima kiasi gani.

YALIYOTUPATA

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja ninachokitembelea kina kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Vijana waliomba wanunuliwe kadi ya picha ili watengeneze video za harusi. Niliulizwa maoni, nikasema nunueni. Sikuuliza hata swali moja kuhusu stima. Pesa zilitoka kwa akiba ya kina mama, ile ya kuweka kidogo kidogo kila wiki.

Kadi ikawekwa. Kila video ikianza kutengenezwa, mashine inazima yenyewe. Fundi akasema pawasaplai ni ndogo, pesa zikatoka tena. Sasa mashine ikakubali. Lakini siku stima ilipopotea, betri ambayo ilikuwa ikiwafikisha karibu na jioni haikumaliza hata masaa mawili. Hapo ndipo maneno yalianza. Kina mama wakasema vijana wanaangalia sinema. Vijana wakasema betri iliyonunuliwa ni mbovu. Mweka hazina, mama ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi moja, akataka kuacha kazi.

Hakuna aliyeiba, wala betri haikuwa mbovu. Shida ni kwamba hakuna aliyepima, na wa kwanza ni mimi.

MANENO YA KUJUA

Wati ni kipimo cha kasi ambayo chombo kinakula stima. Yuniti mnayonunua kwa tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa hivyo balbu ya wati 10 itamaliza yuniti moja baada ya masaa 100.

Pawasaplai ni lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta, mahali waya wa stima unapoingia. Kwa kibandiko chake huandikwa, kwa mfano, 240W. Wengi wetu hufikiri hicho ndicho kiasi ambacho kompyuta inakula. Sivyo. Ni kama mtungi wa lita 20: hicho ni kiasi cha juu unachoweza kubeba, si kiasi cha maji mnachotumia nyumbani. Kompyuta ya kibandiko cha 240W inaweza kuwa inakula wati 50 tu ikiwa imetulia.

Tena, sanduku hilo lenyewe hupoteza kidogo njiani. Ikiwa limechukua wati 100 ukutani, la kawaida hupeleka ndani kama wati 80, na zilizobaki hugeuka joto. Ndiyo maana huwa na feni.

JINSI YA KUPIMA

Njia ya kwanza ni mita ndogo ya kuchomeka. Inauzwa kwa maduka ya vifaa vya stima. Unaichomeka ukutani, kisha unachomeka kompyuta kwake, nayo inaonyesha wati. Si lazima kila kikundi kinunue yake. Vikundi vitatu au vinne vinaweza kuchanga na kutumia moja kwa zamu.

Njia ya pili haina gharama. Mita ya stima ina taa ndogo inayopepesa kila stima inapotumika. Karibu na hiyo taa pameandikwa idadi ya kupepesa kwa yuniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Ikiwa yenu ni 1000, fanyeni hivi:

1. Zimeni kila kitu kingine kwenye mita hiyo: taa, fotokopi, chaja za simu, friji.
2. Washeni kompyuta na skrini yake.
3. Mmoja ashike saa, mwingine ahesabu taa inavyopepesa kwa dakika 30.
4. Zidisheni hesabu hiyo kwa 2. Jibu ni wati.

Mfano: taa imepepesa mara 50. Mara 2 ni wati 100. Ikiwa mita yenu imeandikwa 1600, chukueni hesabu ya dakika 30, zidisheni kwa 2, kisha kwa 1,000, halafu mgawe kwa 1,600. Taa ikipepesa mara 80, mtapata wati 100 zile zile.

Msipime kwa dakika moja au mbili, kwa maana kukosea hesabu moja tu kutaharibu jibu lote. Ikiwa mita iko juu ya nguzo, asipande mtu. Na msifungue sanduku la pawasaplai, hata kama limechomolewa, maana linaweza kubaki na stima ya kuua.

Pimeni mara tatu: kompyuta ikiwa imetulia, ikifanya kazi ya kila siku, na ikifanya kazi ngumu kuliko zote. Andikeni kwa daftari pamoja na tarehe. Mnajua wazee walivyosema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU ZETU

Baadaye tulikaa kikundi kizima, tukatoa ile kadi na kurudisha pawasaplai ya zamani, tukapima upya, mweka hazina akiandika. Kompyuta peke yake: imetulia wati 45, kuchapa barua wati 70, kazi ngumu wati 110. Skrini ni wati 25.

Kadi mpya ilihitaji hadi wati 120. Kwa kuwa pawasaplai hupoteza njiani, wati 120 za ndani ni kama 150 ukutani. Basi 110 na 150 ni 260. Ongeza skrini 25, jumla ni wati 285. Kuchapa barua pamoja na skrini kulikuwa wati 95 tu. Mzigo umekuwa mara tatu!

Sasa tazameni betri. Ni ya volti 12, ampea-saa 100. Ukizidisha unapata 1,200, yaani wati 1,200 kwa saa moja. Lakini betri ya risasi ikimalizwa yote hufa haraka, kwa hivyo tumia nusu, yaani 600. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hivyo wati 95 huwa kama 110 zikitoka kwa betri. Gawa 600 kwa 110: masaa matano na kitu. Wati 285 huwa kama 335. Gawa 600 kwa 335: hata masaa mawili hayafiki.

Hesabu hizo ziliposomwa mbele ya wote, chumba kilinyamaza. Kisha mama mmoja mzee akasema, "Kumbe tulikuwa tunagombana na hesabu." Mweka hazina bado yuko kazini. Kadi ilirudishwa pamoja na pawasaplai kubwa, na video sasa hutengenezwa stima ikiwepo. Betri ni ya barua na programu za mazishi.

KABLA YA KUNUNUA

Ulizeni kwanza: tunataka kufanya kazi gani? Kama ni kuchapa barua na mashine inakokota, mara nyingi dawa ni kuongeza kumbukumbu ya RAM, ambayo hula wati chache tu, au kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD. Diski inayozunguka hula kama wati 5 hadi 8. Ya SSD mara nyingi hula chini ya hapo, na kasi yake mtaiona siku hiyo hiyo.

Kama ni kadi ya picha, angalieni inahitaji wati ngapi. Kadi isiyo na waya wake wa stima hupata hadi wati 75 kutoka kwa bodi kuu. Yenye waya wa ziada inaweza kula zaidi ya hapo. Jumlisheni na vipimo vyenu vya kazi ngumu. Mzigo wa ndani ukipita robo tatu ya namba iliyo kwa pawasaplai, simameni kwanza, hasa kama pawasaplai ni nzee.

Pigeni pia hesabu ya tokeni. Wati 95 kwa masaa 8, siku 26 za mwezi, ni karibu yuniti 20. Kujua bei ya yuniti moja, chukueni risiti yenu, mgawe pesa mlizolipa kwa yuniti mlizopata. Tuseme ni shilingi 25: hiyo ni karibu shilingi 500 kwa mwezi. Kazi mpya italeta pesa zaidi ya nyongeza ya stima? Kama hamjui, ngojeni kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa chombo chetu cha stima, nani anajua kinakula wati ngapi? Alijuaje?
2. Je, tumewahi kulaumu mtu kwa hasara ambayo kumbe ni hesabu haikufanywa? Tulimwomba msamaha?
3. Nani atahesabu taa, nani atashika saa, nani ataandika? Chagueni siku kabla ya kuondoka mkutanoni.

Vijana wawe wa kuhesabu, na kina mama wenye akiba yao wawepo wakiona. Kitu mlichopima pamoja si rahisi kuwagombanisha.