Sabuni ya Povu ya Kuogea

Huku Rugera maganda ya ndizi hayapungui, na majivu yake, yakichujwa kwa maji, hutoa maji makali. Maji hayo yakipikwa pamoja na mafuta huwa sabuni laini, isiyoganda kama mche, kwa sababu majivu ya mimea yana potasi. Sabuni ngumu hutaka soda kali. Yafaa kwa nguo. Lakini tusiikimbilie kwa kumwogesha mtoto, maana maji ya majivu yakizidi mafuta, ukali husalia ndani yake, nao huchoma ngozi na macho.

Kwa kuogea twapendelea njia nyepesi. Mtu atwae sabuni ya kuogea iliyo tayari, hata vile vipande vidogo vitupwavyo, aikwangue apate kikombe 1. Aitie katika vikombe 8 vya maji ya moto, akoroge mpaka iyeyuke, aongeze kijiko cha asali ikiwapo, kisha aiache usiku kucha. Asubuhi itakuwa nzito kama uji. Kidogo chake kikikorogwa kwa mkono katika beseni, povu huinuka.

Maji yawe ya mvua. Maji yenye chokaa hushikana na sabuni, utando mweupe ukaelea juu na povu likafa. Ndipo watu hulaumu sabuni bure! Tena povu si usafi wenyewe. Watoto hulipenda, nasi hatuwakatazi, ila wasuuzwe vema kwa maji matupu, hasa wasichana. Uji huo usikae zaidi ya juma 1, maana hunuka.