Kusoma Alama za Upimaji kwenye Ramani za Ardhi: Mwongozo kwa Wamiliki wa Mashamba na Viwanja vya Rongo

Alama ya upimaji ni kitu cha kudumu kinachowekwa au kutambuliwa ardhini ili kuonyesha mahali ambapo mpaka unaanzia, unapinda au unaishia, na ramani ya shamba haiwezi kuwa na nguvu kuliko alama ambazo mchoro wake umezitegemea. Rongo na viunga vyake, ambako mashamba ya urithi ya Kamagambo yanagawanywa na kuuzwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, mnunuzi huonyeshwa vigingi vinne vya zege na kuamini kwamba mpaka wake umekwisha kuthibitishwa, ilhali maelezo yaliyo kwenye ramani, ambayo yangemjulisha hali halisi, hayajasomwa na muuzaji wala mnunuzi.

Mpaka wa jumla na mpaka thabiti

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatofautisha aina mbili za mipaka. Kwa mujibu wa kifungu cha 18, ramani ya usajili huonyesha mipaka na mahali pa shamba kwa makadirio tu, na huo ndio mpaka wa jumla. Kifungu cha 19 kinaeleza utaratibu wa kuupima mpaka kwa usahihi na kuandika katika daftari kwamba umethibitishwa, na huo ndio mpaka thabiti. Sehemu kubwa ya mashamba ya eneo hili imo katika aina ya kwanza, kwa sababu haki za wenyeji zilipokuwa zikirekodiwa chini ya sheria ya mwaka 1968, wakati Rongo ingali katika Wilaya ya South Nyanza, kilichohesabiwa kuwa mpaka kilikuwa ua wa mkonge au wa mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, pamoja na vijito na njia zilizokuwa zikitenganisha jamaa na jamaa. Ua wa namna hiyo ulionekana vizuri katika picha zilizopigwa kutoka angani, na kutokana na picha hizo mistari ya ramani ikachorwa.

Hapa kipimio cha ramani kina uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika ramani ya kipimio cha 1:2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi, hivyo mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika zaidi ya mita moja ya udongo, na anayeichukua rula ili kumnyang'anya jirani hatua mbili za shamba anaipa ramani hiyo kazi ambayo haikuchorwa kuifanya. Katika mpaka wa jumla, mkonge wenyewe, ukiwa ungali pale ulipopandwa, ni ushahidi bora kuliko mstari unaouwakilisha.

Jinsi alama inavyoelezwa

Wapima ardhi hugawanya alama katika alama za asili, kama vile mto, jabali au ukingo wa bonde, na alama zilizowekwa na binadamu, ambazo kwa lugha ya kila siku huitwa bikoni. Alama ya asili ina udhaifu wake: mto kama Kuja unaweza kula ukingo mmoja na kujaza mwingine, kwa hiyo maelezo kamili hutaja kama mpaka ni ukingo wa maji au ni katikati ya mto.

Bikoni huonyeshwa katika ramani ya upimaji kwa duara dogo lenye namba au herufi, na kando yake huandikwa imetengenezwa kwa kitu gani. Herufi IPC, ambazo hukutwa mara nyingi katika ramani za Kenya, humaanisha pini ya chuma iliyosimikwa ndani ya zege, na herufi U ikiongezwa mwishoni, pini hiyo imezikwa chini ya uso wa ardhi, jambo ambalo mwenye shamba la miwa anapaswa kulijua kabla ya kuingiza trekta. Pembetatu huonyesha kituo kikuu cha upimaji, yaani nguzo ambayo mahali pake pamekokotolewa kwa uangalifu mkubwa ili bikoni nyingine zote zifungamanishwe nayo. Nguzo hiyo si mpaka wa mtu yeyote, hata ikiwa imesimama katikati ya shamba lake. Alama ya kimo, kwa upande wake, huonyesha urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, nayo pia haihusiani na mipaka. Alama ya ushahidi huwekwa mita chache kutoka kwenye pembe ambayo haiwezi kusimikwa bikoni, kwa mfano pembe iliyoangukia majini au barabarani, na ramani hutaja umbali na mwelekeo wake kutoka kwenye pembe halisi. Aliyeisoma vibaya huweza kuzungusha ua wake mahali pasipo pake.

Maneno yanayohitaji uangalifu zaidi ni yale yanayoeleza hali ya alama siku mpima alipofika. Bikoni mpya ni ile aliyoisimika yeye mwenyewe. Bikoni iliyopatikana ni ya upimaji wa awali, nayo ikiwa haijasogezwa, taaluma ya upimaji huipa uzito kuliko umbali ulioandikwa, kwa kuwa namba huweza kunakiliwa vibaya lakini chuma kilichozikwa mahali pake hubaki pale pale. Bikoni iliyosogezwa imeonekana, ila imelala au imeinama, na haipaswi kutegemewa peke yake. Bikoni iliyorejeshwa ilipotea kisha ikasimikwa tena kwa kukokotoa kutoka kwenye alama nyingine. Ramani isiyotofautisha hali hizi humfanya msomaji adhani kwamba kila duara lina ushahidi sawa, na hilo ni kosa kubwa.

Mfano mkubwa wa alama kupewa uzito kuliko maandishi uko Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, katika kaunti hii hii ya Migori. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalieleza mpaka kwa maneno, yakitaja mahali latitudo 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, lakini wenyeji wa Kenya na Tanzania huutambua mpaka huo kwa nguzo zilizosimikwa baadaye ardhini.

Simu ya mkononi haiwezi kuchukua nafasi ya maelezo haya. Mbali na kukosea kwa mita kadhaa, simu hutumia mfumo wa kimataifa wa kukadiria umbo la dunia, ilhali ramani nyingi za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, na koordinati zile zile zikisomwa katika mifumo hii miwili huweza kutofautiana kwa takribani mita 300.

Alama inapopotea

Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuirudisha mwenyewe hata akiwa na hakika ilikuwa wapi. Mzozo wa mpaka wa jumla hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, kwa kuwa kifungu cha 18 kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya namna hiyo kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria. Msajili huwaita majirani wote wanaohusika na kufika shambani pamoja na mpima wa serikali. Pale ambapo mpaka ni thabiti, bikoni hurejeshwa na mpima wa serikali au mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, na mwenye shamba adai nakala ya ripoti inayotaja alama zilizopatikana, zilizorejeshwa, na zile zilizotumiwa kukokotoa mahali pa hizo zilizorejeshwa.