Safari Haijaisha Mpaka Kamba Zifungwe

Mwanafunzi wa urubani akishatua vizuri, akili yake hushuka kwenye ndege kabla ya mwili. Magurudumu yameshika lami, mwalimu amemsifu, na kilichobaki anakiona kama kazi ya dereva tu. Hapo ndipo bawa linapogonga mlango wa hanga, betri inapoachwa ikiisha usiku kucha, na ndege iliyotua salama inapokutwa asubuhi imelalia ubavu. Nawaandikia walimu wenzangu, hasa wanaofundishia ndege ndogo kama Cessna 172 kwenye viwanja vyenye shughuli nyingi kama Wilson, Nairobi. Kuegesha na kufunga ndege ni somo kamili. Lipewe muda wake kwenye ratiba, lisiachiwe dakika zilizobaki.

Sababu za haraka zinajulikana. Mwanafunzi analipia saa za injini, na mara nyingi ni pesa ya mzazi. Mwenzake amesimama kando na vipokea sauti mkononi, anasubiri ndege ile ile. Mwalimu naye ana mengi ya kusema kuhusu kutua kule, basi anaanza kuyasema ndege ikiwa bado inatembea. Anza na hilo: nyamaza. Maoni yote yasubiri injini izimwe. Mwanafunzi anayesikiliza sifa au lawama hawezi kuangalia ncha za mabawa, na Cessna 172 ina upana wa mita 11 kutoka ncha hadi ncha.

Mfundishe avuke mstari wa kusubiria, mkia nao uvuke, asimame, ndipo mkono wake uguse chochote: flapu, joto la kabureta, taa. Wanafunzi wengi hupapasa flapu ndege ikiwa bado mbioni, na kwenye ndege ya mafunzo haiwadhuru. Lakini siku moja atakaa kwenye ndege yenye magurudumu ya kukunjwa, na mkono wenye mazoea hayo unaweza kuvuta mpini usio wake. Ndege ikalala kwa tumbo katikati ya njia ya kurukia, hali imekwisha kutua! Mwambie sababu hiyo waziwazi. Kijana akijua kwa nini, hahitaji kukumbushwa.

Kutoka hapo hadi maegesho, mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa miguu. Usukani ufuate upepo: ukitoka mbele kushoto, ageuze usukani kushoto, ukitoka nyuma kushoto, ageuze kulia na kuusukuma mbele. Muulize upepo unatoka wapi kila mnapokata kona, asijibu kwa kubahatisha bali kwa kutazama soksi ya upepo. Kabla ya kugeuza ndege aangalie pia kilicho nyuma yake, kwa sababu upepo wa propela hurusha kokoto na vumbi kwenye hanga iliyo wazi na kwa fundi aliyeinama juu ya injini ya mtu mwingine. Nafasi ikiwa finyu, au akiwa na shaka hata kidogo, kanuni ni moja: simama, zima, sukuma kwa mkono. Fimbo ya kuvutia gurudumu la mbele ikishachomekwa, mkono usiiachie mpaka ichomolewe. Fimbo iliyosahaulika hupigwa na propela injini ikiwashwa, na hapo gharama ni ya propela pamoja na ukaguzi wa injini.

Kama nafasi inaruhusu, pua ielekee upande upepo mkali unakotoka kwa kawaida.

Kuzima injini kuna mpangilio wake katika kitabu cha ndege, na orodha isomwe kwa sauti, isikaririwe. Mambo mawili yanastahili kutiliwa mkazo. Kabla ya kuzima redio, asikilize kidogo masafa ya 121.5. Kutua kwa kishindo huweza kuwasha kifaa cha kuashiria dharura bila mtu yeyote kujua, na waokoaji wakaanza kutafuta ndege iliyoegeshwa salama. La pili ni ufunguo. Injini inazimwa kwa kuvuta mpini mwekundu ili mafuta yakatike, kisha magneto, kisha swichi kuu, na ufunguo utoke uwekwe juu ya dashibodi, uonekane kutoka nje kupitia kioo. Yeyote anayekaribia propela anapaswa kuuona kabla hajasogea.

Hapa simama na mwanafunzi mbele ya ndege umweleze jinsi magneto inavyofanya kazi. Haihitaji betri. Hujitengenezea umeme wake ikizungushwa, na kinachoinyamazisha ni waya mmoja mwembamba unaoiunganisha na mwili wa ndege. Waya huo ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa lakini magneto bado i hai, na propela ikisukumwa kidogo kwa mkono injini inaweza kushika na kukata mkono au kichwa. Kwa hiyo propela haiguswi kwa mazoea, haiegemewi wakati wa kupiga picha, wala haizungushwi ili ikae vizuri. Abiria wote wapitie nyuma ya bawa. Hili lirudie kila siku bila kuchoka.

Sasa kamba. Bawa la Cessna 172 huweza kubeba ndege yenye mzigo wake kamili kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa. Iliyoegeshwa tupu ni nyepesi zaidi, na upepo unaotangulia mvua kubwa ya masika unaweza kufika kasi hiyo ghafla, tena ukitokea upande usioutarajia. Breki peke yake haitoshi: shinikizo la maji yake hupungua, na kwenye maegesho ya mteremko ndege huanza kujongea yenyewe. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu kwanza, halafu funga kamba tatu, mbili za mabawa na moja ya mkia.

Kamba iwe ya nailoni au nyuzi nyingine za viwandani. Ya katani huoza, na ikilowa hujikaza ikaanza kuvuta bawa. Ipitishwe kwenye pete iliyowekwa kwa kazi hiyo, kamwe isizungushwe katikati ya mhimili wa bawa, maana itateleza na kuukunja. Mwonyeshe mara moja, polepole: kamba inapita kwenye pete, inavutwa hadi ibaki nafasi ya sentimita mbili tatu hivi, kisha linafungwa fundo la kitanzi cha mabaharia, lile lisiloteleza likivutwa na linalofunguka kirahisi kesho yake. Kamba iliyolegea sana ni hatari kuliko inavyoonekana. Upepo huinua bawa, bawa hupata mwendo, kisha kamba hulikatiza kwa mshtuko, na ni mshtuko huo unaong'oa pete au kuchana bati.

Siku inayofuata weka mikono yako nyuma. Mwache afunge mwenyewe mpaka aseme yuko tayari, hata kama unaona fundo linakwenda vibaya. Kisha shika kila kamba na uivute kwa uzito wa mwili wako, mbele yake. Ikiachia, usiifunge wewe. Mwombe aifungue aanze upya. Injini ikiwa imezimwa, mita ya saa nayo kwa kawaida imesimama, kwa hiyo dakika hizi hazimgharimu mwanafunzi shilingi. Nina hakika hakuna sehemu ya mafunzo inayompa mtu faida kubwa kuliko hii kwa bei hiyo.

Usukani ufungwe kwa pini yake, ili eleroni na eleveta zisipigwe na upepo usiku kucha hadi bawaba zichakae. Kiteuzi cha mafuta kiwekwe upande mmoja ili mafuta yasihame kutoka tangi hadi tangi. Kuhusu kujaza matangi jioni, usimpe kanuni ya kumeza. Tangi lililojaa halina nafasi ya mvuke kugeuka maji wakati wa baridi ya usiku. Lakini Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na ndege iliyojazwa pomoni leo inaweza kuwa nzito kupita kiasi kesho kwa watu watatu na mizigo yao. Aulize nani anairusha asubuhi na amebeba nini.

Kisha vifuniko. Nyigu wa udongo hawahitaji muda mrefu kuziba mrija wa pitoti, na shomoro huanza kiota kwenye injini ingali na joto. Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu 189 wakafariki. Ndege ilikuwa imekaa wiki kadhaa bila kuruka, mirija yake ya pitoti ikaachwa kwa muda bila vifuniko, na wachunguzi walihisi kiota cha nyigu ndicho kilichoziba mrija na kuwadanganya marubani kuhusu kasi. Oktoba mwaka huo huo, ndege ya Aeroperú ilianguka karibu na Lima na kuua watu 70, kwa sababu utepe wa gundi uliobandikwa kwenye matundu ya statiki wakati wa kuosha haukubanduliwa. Visa hivi viwili vifundishwe pamoja. Kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu, na kila kinachowekwa jioni kiwe kinapigia kelele macho ya atakayekuja asubuhi.

Mwanafunzi akianza safari za mbali, ongeza mazingira ya huko. Kwenye viwanja vya vumbi vya Masai Mara na Serengeti, fisi hutafuna matairi, na marubani wenyeji huzungushia magurudumu matawi ya miiba kabla ya kwenda kulala. Beba kamba zako mwenyewe na vigingi, usitegemee kuvikuta.

Mwisho ni daftari la ndege. Saa, mafuta, na kila kasoro, pamoja na kutua kwa kishindo ambako hakuna aliyekuona zaidi yenu wawili. Mwanafunzi akiona mwalimu wake anaandika kasoro bila kusita, naye ataandika akiwa peke yake. Akiona mwalimu ananyamaza, atanyamaza, na rubani wa kesho ataondoka na ndege yenye ufa asioujua.

Mwalimu mwenzangu, usitie sahihi kwenye daftari la saa la mwanafunzi ukiwa ofisini. Litie sahihi pale pale kando ya bawa, ukishazivuta kamba zote tatu.